Kijana akizidiwa abishe hodi wapi? Mapitio ya huduma za msaada wa afya ya akili

Saa nane usiku, kijana wa miaka 15 aliyeelemewa na mawazo ana mambo matatu anayotaka kuyajua kabla hajaandika hata neno moja: nani yuko upande wa pili, atajibiwa baada ya muda gani, na je, nyumbani watajua? Huduma nyingi hujibu la kwanza kwa kirefu, la pili kwa kukwepa, na la tatu kwa maandishi madogo chini kabisa ya ukurasa. Mapitio haya yamezipima huduma kwa maswali hayohayo, pamoja na la nne ambalo kijana halifikirii usiku huo ingawa lina uzito kuliko yote: mazungumzo yakiisha, anapelekwa wapi?

Hukumu tunaitoa mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote. Kwa usiku wa dharura, laini ya simu au ya ujumbe yenye binadamu aliyefunzwa haina mpinzani. Kwa tatizo la wiki na miezi, mtu mzima mmoja anayeonana na kijana uso kwa uso, awe mshauri wa shule au mhudumu wa kituo cha vijana, anazishinda programu zote za simu zikijumlishwa. Programu zina kazi yake, ila ni ndogo kuliko zinavyojitangaza. Roboti za mazungumzo tumezipa alama ya chini, na sababu zake zinafuata.

Rafiki kwanza, tupende tusipende

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawaanzii kwa daktari wala kwa namba ya simu. Wanaanzia kwa rafiki. Hapo hakuna ubaya. Ubaya huingia rafiki anapoapishwa: "Niapie hutamwambia mtu." Mtoto wa miaka 14 akiibeba peke yake siri ya mwenzake anayetaka kujiua, sasa wako wawili wanaohitaji msaada.

Mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, yaliyoanzia Australia mwaka 2000 na baadaye kutengenezewa toleo la vijana, yanafundisha mambo machache yanayotosha: tazama dalili, uliza, sikiliza bila kuhukumu, kisha mfikishe mwenzako kwa mtu mzima. Kuuliza maana yake ni kulitaja neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Tafiti zimerudia kuonyesha kwamba swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Swali la kuzungukazunguka ndilo lenye hasara. "Hutafanya ujinga, sivyo?" humfundisha mtu ajibu "hapana", na mazungumzo yakafia hapo.

Laini za simu

Mtandao wa Child Helpline International, ulioanzishwa 2003, unaunganisha laini za watoto na vijana katika nchi zaidi ya 100. Kenya, Tanzania na Uganda hutumia namba 116. Nchi nyingi za Ulaya hutumia 116 111. Uingereza ina Childline, iliyoanza 1986, kwa walio chini ya miaka 19. Australia ina Kids Helpline kwa wenye miaka 5 hadi 25. Marekani ilifungua namba 988 mwezi Julai 2022 kwa watu wa rika zote. Jambo la kufahamu mapema ni kwamba laini nyingi za watoto hupokea kila kitu: ukatili nyumbani, mitihani, mimba, njaa, mapenzi. Mhudumu anaweza kuwa hodari sana wa kesi za ukatili na wa kawaida tu kwenye sonona. Kumuuliza "Mna mtu anayeshughulika zaidi na msongo wa mawazo?" si utovu wa adabu.

Ukipiga, kwa kawaida husikika kwanza sauti iliyorekodiwa, kisha foleni, kisha mtu. Huombwi kitambulisho, na jina la kubuni linakubalika. Mapema kabisa mhudumu atataka kujua kama uko salama: umejidhuru leo, una wazo la kujiua, umepanga namna na wakati, ulichopanga kukitumia kiko karibu nawe? Maswali haya huwashtua wengi wakadhani wameshikwa. Ni utaratibu wa kawaida kwa yeyote anayegusia kujidhuru, na jibu la kweli ndilo linaloamua mazungumzo yaelekee wapi. Anayejibu "hapana" kwa woga huishia kupewa ushauri wa mtu mwenye tatizo dogo kuliko lake.

Wanaoshindwa kusema wasikate. Laini za watoto hupokea simu nyingi za kimya, na wahudumu hufunzwa kuvumilia. Mzuri atasema "Nipo, chukua muda wako", kisha atanyamaza nawe.

Tuje kwenye siri. Hakuna laini makini inayoahidi siri isiyo na mpaka. Mipaka hufanana karibu kila mahali: maisha yakiwa hatarini sasa hivi, mtoto akiwa anadhulumiwa au anaingiliwa na mtu mzima, au sheria ya nchi ikilazimisha taarifa. Nje ya hapo mazungumzo hubaki kwao. Hofu ya polisi kubisha mlangoni ni kubwa kuliko uhalisia: kwa takwimu za 988 yenyewe, chini ya asilimia 2 ya simu ndizo huishia kuunganishwa na huduma za dharura. Hata hivyo kijana ana haki ya kuuliza katika dakika ya kwanza: "Ni mambo gani nikiyasema yatakufanya umwambie mtu mwingine?" Mhudumu asiyeweza kulijibu swali hilo kwa sentensi mbili tatu zilizonyooka hafai kupewa siri. Na sehemu kubwa ya vijana wanaosema "sitapiga tena" hawana kinyongo na siri kutolewa. Kinyongo chao ni kwamba hawakuonywa.

Kasoro za simu ni mbili. Jioni, baada ya shule na kabla ya kulala, ndipo foleni hurefuka. Na sauti husikika: anayelala chumba kimoja na ndugu zake hawezi kusema "nataka kufa" kwa mnong'ono. Zaidi ya hayo, simu huacha alama kwenye orodha ya namba zilizopigwa. Childline haionekani kwenye ankara ya simu, lakini orodha iliyo ndani ya kifaa ni juu ya mpigaji kuifuta. Sifa inayotofautisha laini nzuri na ya wastani ni mwendelezo: Kids Helpline humruhusu kijana aendelee na mshauri yuleyule siku nyingine, jambo linalomwondolea adha ya kuanza upya kila mara na mgeni.

Laini za ujumbe: hapa ndipo vijana walipo

Huduma hizi ndizo zilizotupendeza zaidi kwa umri huu. Mfano unaojulikana sana ni Crisis Text Line ya Marekani, iliyoanza 2013. Kijana hutuma neno moja kwenye namba fupi. Jibu la kwanza hutoka kwa mashine: masharti ya matumizi, kiungo cha sera ya faragha, na ombi la kueleza kwa ufupi kinachomsibu. Kisha anasubiri mtu, ambaye mara nyingi ni mtu wa kujitolea aliyepitia mafunzo ya saa 30 na anayesimamiwa na mtaalamu anayeweza kuingilia kati mazungumzo yakiwa mazito.

Wengi hukosea hapo kwenye ombi la kwanza. Mfumo husoma ujumbe wa mwanzo ili kupanga nani ahudumiwe kwanza. Hawafuati aliyetangulia kufika bali aliye hatarini zaidi. Anayeandika "mambo" na kungoja aulizwe anaiambia foleni kwamba hana haraka. Aandike kilicho kweli tangu mwanzo: "Nina mawazo ya kujiua, niko peke yangu, sijajidhuru." Sentensi hiyo moja ina mambo yote matatu ambayo mhudumu angeyatafuta.

Jambo la pili linalokatisha tamaa ni vipindi vya kimya. Mhudumu mmoja anaweza kuwa na mazungumzo zaidi ya moja kwa wakati, anafikiri kabla ya kuandika, na ujumbe una kikomo cha herufi. Dakika mbili tatu bila jibu haimaanishi ameondoka. Kijana asitume ujumbe kumi mfululizo, kwani mhudumu ataanza kujibu wa tatu wakati yeye ameshafika kwenye jambo jingine. Aandike mawili, asubiri. Sentensi za kurudiarudia hisia zako ("Inaonekana umechoka sana kubeba haya peke yako") huwakera baadhi ya vijana kwa kunukia karatasi ya mafunzo. Ni kweli zimefundishwa. Zivumilie ujumbe nne tano, baada ya hapo mhudumu akiendelea kurudia maneno yako bila kuuliza lolote jipya, mwambie: "Nahitaji tupange la kufanya usiku huu."

Kabla ya kuanza, zima onyesho la ujumbe kwenye skrini iliyofungwa, vinginevyo siri itasomwa na yeyote anayepita karibu na meza. Chomeka chaja. Kwenye mazungumzo ya tovuti, tumia dirisha la faragha la kivinjari na ulifunge ukimaliza.

Doa lipo, na linahusu taarifa za watu. Mwaka 2022 ilifichuka kwamba Crisis Text Line ilikuwa ikiipa kampuni ya biashara iitwayo Loris data za mazungumzo zilizoondolewa majina. Lawama zilipopamba moto, mpango ukasitishwa ndani ya siku chache. Tangu hapo tunashauri sera ya faragha itafutwe sehemu moja tu: nani mwingine anapewa data, na kwa kazi gani. Kijana akitaka mazungumzo yake yafutwe, aulize namna ya kufanya hivyo kabla hajaaga.

Huduma ya ujumbe haiponyi sonona, na haidai hivyo. Kazi yake ni kumtuliza mtu aliyefurika, kisha kumwachia mpango wa usalama. Mpango huo ndio kipimo chetu kikubwa. Kiolezo kinachotumika zaidi, kilichobuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown, kina hatua sita: dalili zangu za kwanza kwamba hali inaharibika, mambo ninayoweza kufanya peke yangu, watu na mahali pa kunitoa mawazoni, watu ninaoweza kuwaomba msaada, wataalamu na namba zao, na namna ya kuyafanya mazingira yangu yawe salama. Unaandikwa kwa maneno ya kijana mwenyewe na unatosha kwenye ukurasa mmoja.

Mpango huo unaharibika namna gani? Hatua ya kwanza ikiandikwa "nikiwa na huzuni" haina faida. Iandikwe "nikianza kufuta watu kwenye simu na kukataa kula". Hatua ya pili ikiandikwa "nisikilize muziki" wakati nyimbo anazopenda zote ni za kilio, itamzamisha. Hatua ya nne inahitaji mtu mzima angalau mmoja, na aulizwe kwanza kama yuko tayari kupigiwa usiku. Ya sita ndiyo inayorukwa na wengi kwa aibu, na ndiyo yenye uzito: wimbi la hamu ya kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, kwa hiyo kuweka umbali na kufuli kati ya kijana na kitu cha hatari, dawa za nyumbani zikiwamo, humpa nafasi ya kulipita. Kazi hiyo ni ya mtu mzima. Kijana asiachiwe afiche funguo mwenyewe.

Programu za simu

Hapa tunapita haraka zaidi, maana ahadi ni nyingi kuliko ushahidi. Zoezi la kupumua, daftari la usingizi, rekodi ya hisia: vyote vinasaidia kidogo kwa wenye dalili ndogo. Kwa mwenye sonona, kurekodi hisia mara sita kwa siku kunaweza kumfanya azitafune upya mara sita. Mara moja jioni inatosha. Utulivu wa kutafakari nao umepewa sifa kupita kiasi: jaribio kubwa la MYRIAD katika shule za Uingereza, lililochapishwa 2022 na kuhusisha wanafunzi zaidi ya 8,000, halikuona kwamba masomo hayo yaliwasaidia kuliko yale ya kawaida ya kijamii na kihisia.

Kisha kuna swali la nani mwenye programu na itadumu hadi lini. Woebot, iliyokuwa roboti ya mazungumzo ya tiba iliyosifiwa tangu 2017, ilifunga programu yake Juni 30, 2025; waliokuwa wakiitegemea walilazimika kutafuta pengine. BetterHelp, inayouza tiba kwa mtandao, iliingia mwafaka na Tume ya Biashara ya Marekani mwaka 2023 kwa dola milioni 7.8, kufuatia madai kwamba ilizipa kampuni kama Facebook na Snapchat taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo. Haikukiri kosa. Anayejaza dodoso la "Je, una huzuni?" kabla hata ya kuona bei ajue kwamba majibu yale yana thamani sokoni.

Ukaguzi wa dakika tano unatosha. Umri wa chini ni upi, na chini ya huo idhini ya mzazi inahitajika? Ukiandika neno "kujiua" mahali pa kuandikia hisia, programu inakuletea namba ya msaada ya nchi yako au inakupa nyota za hongera? (Zipo zinazopongeza.) Kitufe cha kufuta akaunti kiko wapi, na kinafuta data au kinaficha tu? Jaribio la bure likiisha linaanza kukata fedha lenyewe? Jambo dogo la kuepusha mkanganyiko: programu ya kutafakari iitwayo Headspace na vituo vya vijana vya headspace vya Australia tutakavyovitaja chini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Roboti za akili mnemba

Tunaelewa kwa nini zinapendwa. Zinajibu papo hapo, hazichoki, hazimjui mama yako. Kwa kazi ndogo zinafaa: kukusaidia kupanga maneno ya kumwambia mzazi, kukueleza daktari wa magonjwa ya akili anatofautianaje na mwanasaikolojia, kukutungia orodha ya maswali.

Tatizo ni kwamba zimeundwa kumridhisha anayeandika. Mshauri mzuri hukupinga kwa upole unaposema "hakuna anayenipenda". Roboti mara nyingi hulikubali wazo na kulipamba. Katika mazungumzo marefu hatari huongezeka, na waundaji wenyewe wamelikiri: Agosti 2025 OpenAI ilisema vizuizi vyake vya usalama vinaweza kudhoofika kadiri mazungumzo yanavyorefuka. Mwezi uliofuata ilileta udhibiti wa wazazi, baada ya familia ya kijana aliyejiua kuishtaki. Character.AI ilienda mbali zaidi: kufikia Novemba 25, 2025 iliwazuia walio chini ya miaka 18 kuzungumza kwa uhuru na wahusika wake. Kampuni ikiifunga milango yake mwenyewe kwa umri wako, hiyo ni tathmini kali kuliko yoyote tungeiandika sisi.

Roboti pia haina kiapo cha siri cha taaluma, na haiwezi kukupigia kesho kuuliza umelalaje. Dalili za kwamba matumizi yamevuka mpaka zinaonekana kwa nje: kijana anafuta mazungumzo kila mtu akikaribia, anaiuliza roboti kabla ya kumjibu rafiki, au analala saa tisa usiku kwa sababu "hatujamaliza".

Mshauri wa shule

Ndiye wa karibu zaidi, na ndiye anayeogopwa zaidi. Hofu hiyo ina msingi. Katika shule nyingi anayetoa unasihi ni mwalimu yuleyule anayetoa adhabu, ofisi yake iko kando ya ile ya mkuu, na kuitwa kwake hutangazwa mbele ya darasa. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Wengi wana mzigo mkubwa kuliko huo. Mwenye wanafunzi 600 atakuona mara moja, atakuandika, kisha atakusahau bila kukusudia.

Kwa hiyo tunaipima ofisi ya unasihi kwa mambo ambayo hayamo kwenye kipeperushi. Mlango unaonekana kutoka uwanjani? Mwanafunzi anaweza kuomba nafasi kwa karatasi au ujumbe bila kupitia kwa mwalimu wa darasa? Kinachoandikwa kinakaa kwenye faili la masomo au kando? Mzazi hupigiwa kwa sababu zipi, na mwanafunzi huambiwa kabla? Mshauri anayesema "Hili lazima nimwambie mama yako, tumpigie pamoja, na wewe uchague tuanze na lipi" ameokoa uhusiano ambao anayepiga kimyakimya angeuvunja.

Mwanafunzi naye asaidie kikao kizae matunda. Kusema "sijisikii vizuri" kunampeleka kwenye mapumziko ya chumba cha wagonjwa. Aje na mambo manne: lini lilianza, usingizi na chakula vikoje, masomo yameathirika wapi, na kama kuna mawazo ya kujidhuru. Kabla hajatoka aombe tarehe ya kikao kijacho. "Njoo wakati wowote" kwa kawaida huishia hakuna wakati.

Shule isiyo na mtaalamu haijaishiwa. Mpango wa Shamiri nchini Kenya umewatumia vijana waliomaliza sekondari, waliofunzwa kwa muda mfupi, kuongoza makundi ya wanafunzi kwa vikao vinne, kimoja kila wiki, kuhusu uwezo wa kubadilika, shukrani na maadili binafsi. Jaribio lililochapishwa 2021 katika JAMA Psychiatry, lenye wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi, lilionyesha dalili hizo zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Tunaupenda mpango huu kwa sababu hauhitaji kijana ajitangaze kuwa mgonjwa ili apate nafasi. Kwa aliye katika hatari ya kujiua hautoshi, na shule inayouiga bila njia ya rufaa imefanya nusu ya kazi.

Kituo cha afya na mtaalamu

Dalili zikidumu wiki mbili au zaidi na zikamzuia kijana kulala, kula, kusoma au kuonana na watu, huku ndiko pa kwenda, hata kama laini ya ujumbe imemsaidia. Mara nyingi atapewa dodoso la dalili za sonona, na la kawaida ni PHQ-9 au toleo lake la vijana: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mhudumu huchunguza zaidi. Dodoso halithibitishi ugonjwa. Linaonyesha pa kuuliza. La tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na jibu lolote juu ya sifuri linastahili mazungumzo siku hiyohiyo hata jumla ikiwa ndogo. Kituo kinachokusanya karatasi na kuziweka kwenye droo bila kulitazama swali hilo kimefeli, hata kama sakafu inang'aa.

Kosa lingine la kawaida ni dodoso kujazwa mzazi akichungulia begani. Kijana aombe, au mzazi mwenyewe apendekeze, dakika chache za kuonana na mhudumu peke yake. Vituo vya vijana kama headspace ya Australia, vilivyoanza 2006 kwa wenye miaka 12 hadi 25, vimejengwa juu ya wazo hilo, na vimeweka afya ya akili, afya ya mwili, dawa za kulevya na masuala ya kazi au masomo chini ya paa moja; anayeonekana akiingia huenda ameenda kutibiwa chunusi.

Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na tabia mara nyingi huchukua vikao 12 hadi 16, kimoja kwa wiki, chini kidogo ya saa moja kila kimoja. Wengi huacha baada ya cha kwanza, ambacho kimejaa maswali ya historia na hakina nafuu yoyote ndani yake. Mtaalamu aliyeshindwa kulieleza hilo mapema ana sehemu ya lawama. Vipe vikao vitatu. Vikigoma, sentensi ya kutosha ni: "Nadhani ningefaidika zaidi na mtu mwingine; unaweza kunielekeza?" Wataalamu huisikia mara kwa mara, na mzuri hakasiriki.

Dawa za sonona zikiandikwa, kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake. Tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka zibebe onyo kuhusu kuongezeka kwa mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana, hasa mwanzoni au dozi inapobadilishwa. Onyo hilo si sababu ya kuzikimbia. Ni sababu ya kudai miadi ya karibu katika wiki za mwanzo. Daktari anayeandika dawa na kusema "turudi baada ya miezi mitatu" aulizwe nani atamfuatilia kijana kabla ya hapo. Na dawa haziachwi ghafla kwa sababu mtu amejisikia nafuu.

Inabaki foleni, ambayo kwa huduma za vijana inaweza kuwa ya miezi. Siku ya kuandikishwa omba mambo mawili: uwekwe pia kwenye orodha ya nafasi zinazoachwa wazi na wengine, na uelezwe nani wa kumpigia hali ikiharibika kabla ya zamu yako. Ikiharibika, piga tena na useme wazi kilichobadilika, kwa mfano kwamba sasa kuna kujidhuru ambako mwanzo hakukuwepo. Nafasi yako ilipangwa kwa uzito wa siku ile uliyoandikishwa, na hakuna atakayeisogeza bila kuambiwa.